Mlango wa Bi Hawabai na Bi Salhiya

Mtaani kwetu ukitaka kumuona Bi Hawabai unatazama juu. Anakaa ghorofa ya pili, jikoni kwake kuna dirisha la kichochoroni, na dirishani pana kikapu kimefungwa kamba. Ukitaka bajia unapiga ukelele, "Bi Hawaaa!" Kikapu kinashuka, unatia pesa, kinapanda, kisha kinashuka tena na bajia za moto zimefungwa kwenye gazeti. Mwenyewe humuoni, unauona mkono tu wenye bangili, na unasikia sauti: "Chatne usimwage!"

Hashuki kwa sababu ya magoti. Ngazi za nyumba yake zimesimama kama ukuta, nyembamba, halafu katikati zinapinda kwenye kiza. Akitaka kuteremka anakaa kitako, anajisogeza daraja moja moja kama mtoto anayejifunza. Kwa hiyo anashuka kwenda kwa daktari, kwenye Idi, na akifa mtu. Mengine yote yanapanda na kamba: samaki, unga wa dengu, dawa, hata kadi za harusi.

Kazaliwa Chwaka. Baba yake alikuwa na duka huko, duka la kijijini lenye kila kitu, mchele huku, pipa la mafuta ya taa kule. Basi baba mtu alikuwa hauzi mchele mpaka binti yake aunuse kwanza. Akisema "huu umeingia mafuta" hauuzwi, wanapewa kuku. Pua ile haijamwacha mpaka leo. Ukimpandishia noti kwenye kikapu anakwambia wewe umetoka kula pweza.

Aliolewa na marehemu Mzee Kurban, aliyekuwa anauza makomeo, bawaba na misumari pale Darajani. Ndiye aliyemleta kwenye nyumba hii, naye hajahama tena. Mtoto kapata mmoja, Abid, na Abid kazi yake iko Dar. Mzee Kurban alipofariki, duka likauzwa, Bi Hawabai akabaki na kopo moja la makomeo ya shaba, na karai la bajia.

Sasa sikiliza habari ya mlango.

Nyumba ya Bi Hawabai na nyumba ya Bi Salhiya zimegawana ukuta mmoja. Na kwenye ukuta huo, ghorofa ya pili, pana mlango. Ni wa zamani, wa wanawake. Walikuwa wanatembeleana bila ya kuvaa buibui na bila ya kupita njiani. Bi Hawabai na Bi Salhiya waliingia nyumba hizi karibu pamoja, maharusi wote wawili, na mlango ule ulikuwa haufungwi. Abid alipougua surua, Bi Salhiya alikuwa anakuja alfajiri na kanga yake ya kulalia. Bi Salhiya alipojifungua Khatib, Bi Hawabai ndiye aliyekuwa anampelekea uji wa pilipili manga. Hakuna aliyekuwa anapiga hodi. Unasukuma, umefika.

Kisha ikaja harusi ya binti mkubwa wa Bi Salhiya. Ukumbi umejaa, wakwe wameshakaa, wanawake watupu. Pilau ikaletwa. Bi Hawabai akachota tonge, akalisogeza puani, akalirudisha kwenye sinia.

"Hii pilau inanuka mafuta ya taa," kasema.

Hakupiga kelele. Lakini mama wa bwana harusi alikuwa ubavuni kwake. Mikono ikasimama kwenye sinia ile, halafu sinia ya pili, halafu ukumbi mzima. Wakwe wakala ndizi na soda, wakaondoka.

Siku ya pili yake Bi Hawabai akasikia nyundo. Bi Salhiya anaupiga misumari mlango, upande wake. Bi Hawabai akasikiliza mpaka msumari wa mwisho, akasema, "Inchi nne. Kurban ndiye aliyemuuzia." Kisha akamwita mtu akamsukumia kabati la nguo mbele ya mlango, upande wake yeye. Basi. Miaka ikapita namna hiyo, majirani wa ukuta mmoja, salamu hakuna.

Mwaka huu ukatokea moto mtaa wa pili. Waya mbovu, kwenye nyumba ya ghorofa. Gari la zimamoto haliingii vichochoroni kwetu, kwa hivyo wazimamoto wakavuta mipira kutoka barabarani mpaka ndani. Watu walitoka salama, lakini mzee mmoja alipitishwa juu ya paa, kabebwa mgongoni. Watu wakarekodi kwenye simu. Abid akaiona video hiyo Dar, akamaliza kuitazama, akakata tiketi ya boti.

Alifika na tiketi nyingine mbili za kurudia, yake na ya mama yake.

"Mama, sikuondoi kwa ubaya," alimwambia. "Lakini ule moto ungekuwa hapa?"

"Haukuwa hapa."

"Ungekuwa?"

"Abid, Dar unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa. Lakini kuna lifti, Mama."

"Bajia ntamuuzia nani kutoka ghorofa ya tisa? Kamba hiyo itafika wapi?"

Abid hakucheka. Alikuwa keshaamua, na Bi Hawabai anamjua mwanawe akishaamua. Boti ilikuwa ya Jumapili.

Wiki hiyohiyo sheha, mkubwa wa mtaa, alikuwa ameomba zimamoto waje watazame nyumba za mtaa wetu, moja moja. Akaja Afande Riyama, mwanamke mrefu, mpole, lakini haondoki mpaka umjibu. Akapanda ngazi za Bi Hawabai huku ameshika ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, ule bajia."

"Ntakula. Kwanza nione jiko."

Akauona mpira wa gesi umekauka, una nyufa, akamwambia Abid aubadilishe leo, asingoje kesho. Akamwonesha bibi namna ya kupaka povu la sabuni kwenye mpira. Ukiona mapovu yanafutuka, gesi inavuja, funga mtungi, fungua dirisha, taa usiiguse. Karai la mafuta likishika moto usimwagie maji, lifunike na kifuniko, zima gesi. Bi Hawabai alikuwa anaitikia kwa kichwa. Hayo mengi anayajua, kakaanga maisha yake yote.

Kisha Afande Riyama akasimama kwenye mlango wa jikoni, akatazama ngazi. Mlango wa jikoni na mwanzo wa ngazi ni palepale, hatua haizidi.

"Bibi, moto ukianza hapa jikoni, wewe uko chumbani. Utatokea wapi?"

"Dirishani, kwenye kikapu."

"Kikapu kinabeba bajia, bibi."

"Basi bajia zitaokoka."

"Mama!" Abid kaingilia.

Afande Riyama akacheka kidogo, akaendelea kutazama. Akafika chumbani. Akaliona kabati, na juu ya kabati akauona ukingo wa fremu ya mlango, ule wa nakshi.

"Huu unakwenda wapi?"

"Hauendi popote," kasema Bi Hawabai.

"Unakwenda kwa Bi Salhiya," kasema Abid.

Afande akagonga ukuta, akakaa kitandani bila ya kukaribishwa. "Bibi, skiza. Nyumba inataka njia mbili. Yako ya pili ndiyo hii. Jumamosi tuna mazoezi ya mtaa mzima, mtatoka nje kama kwamba kuna moto. Ukitoka salama, mimi sina neno, kaa nyumbani kwako. Ukishindwa kutoka..." Akamtazama Abid, hakumaliza.

"Akishindwa, Jumapili tuko kwenye boti," Abid kamalizia. "Na akitoka, nnarudi peke yangu. Nshasema."

Abid akalisogeza kabati. Nyuma yake pana vumbi, mjusi mmoja aliyekauka, na mlango. Bi Hawabai akakaa mbele yake kutwa, kama mtu aliyefiwa. Baada ya alasiri akaugonga.

Hii nimeisikia kwa Radhiya, mke wa Khatib, kwa sababu upande wa pili wa mlango ndiko chumbani kwake, alikuwa na mtoto mchanga, arubaini haijatoka. Bi Salhiya alikuwa chumbani humo anamkanda mtoto.

"Nani?" kauliza Bi Salhiya.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wewe unanijua ni nani."

"Simjui mtu anayegonga kwenye ukuta."

"Salhiya, fungua mlango. Mtoto wa zimamoto kasema ufunguliwe."

"Aha. Zimamoto ndiye aliyekutuma. Wewe mwenyewe huna haja."

"Wanataka kunipeleka Dar."

Radhiya anasema hapo mkono wa mkwewe ulisimama kwenye mgongo wa mtoto. Kisha akasema, "Ntafungua. Sema neno moja tu. Sema pilau ya mwanangu ilikuwa hainuki mafuta ya taa."

Upande wa pili bangili zikalia.

"Sema, Hawa."

"Ilikuwa inanuka."

"Basi nenda Dar!"

"Ntakwenda! Siwezi kusema uongo juu ya chakula!"

Na kweli akaanza kufunga mizigo. Siku ile ya pili watu wakaita, "Bi Hawaaa!" na kikapu hakikushuka. Ikafika mchana, mtaa mzima unakula mkate mkavu. Kijana mmoja kaapa kwamba yeye angeweza kwenda kwa Bi Salhiya mwenyewe kusema pilau ilikuwa safi, ijapokuwa siku ya harusi ile alikuwa hajazaliwa.

Siku ya tatu ikawa zamu ya nyumba ya Bi Salhiya. Nyumba yake ni kubwa zaidi, ngazi zake pana, daraja fupifupi, zina mahali pa kushika. Lakini chini kapangisha duka la vinyago na vikoi, na mwenye duka kaweka maboksi yake chini ya ngazi, mpaka kwenye madaraja ya mwanzo.

"Haya yatoke leo," kasema Afande Riyama. "Lakini hata yakitoka, moto ukianza dukani moshi unapanda na ngazi hizi hizi. Mjukuu wako yuko juu. Atatokea wapi?"

"Paani."

"Twende nikaone paani."

Wakapanda. Mlango wa paa una kufuli.

"Wezi," kasema Bi Salhiya.

"Ufunguo?"

Ufunguo ukatafutwa. Kwenye kabati la vyombo, haupo. Chini ya godoro, haupo. Khatib akapigiwa simu kazini, kasema anadhani uko kwa mama. Afande Riyama kasimama pale kwenye kufuli, kashika mikono nyuma. Radhiya naye kasimama, mtoto begani, anamtazama mkwewe.

Bi Salhiya akashuka, akaingia chumbani kwa Radhiya, akaupiga mlango kwa kiganja.

"Hawa!"

"Naam."

Aliitika palepale. Radhiya anasema inaonesha alikuwa amekaa nyuma ya mlango siku zote zile.

"Ilikuwa inanuka," kasema Bi Salhiya. "Kuni zilikuwa mbichi, mpishi kazimwagia mafuta. Nilimuona. Nikasema Mungu atasitiri. Kumbe wewe uko kwenye sinia ya mama mkwe."

"Nlijua ni kuni."

"Ulijua! Hukuweza kuja kuninong'oneza? Mlango ulikuwa wazi siku zile. Umesema mbele ya wakwe, Hawa. Mwanangu kaingia nyumba ya watu anaitwa bibi taa. Mpaka leo wifi zake wanamwita hivyo."

Kisha Bi Hawabai akasema, "Sikulijua hilo."

"Ungelijua wapi, kwenye kikapu?"

"Kusema mbele ya wakwe nilikosea. Ningekuvuta pembeni. Hilo nilikosea, Salhiya, nisamehe."

"Na pilau?"

"Pilau ilikuwa inanuka."

Bi Salhiya akacheka, hakutaka, lakini kikamtoka. "Khatib!" kaita, na Khatib hayupo, yuko kazini. Akamwita mwenye duka la vinyago, akamwambia maboksi baadaye, lete kwanza kitu cha kung'olea misumari.

Misumari ilitoka kwa taabu, mmoja ulikatikia ndani. Mlango ulipofunguka wanawake wawili wale wakatazamana, na Bi Salhiya akasema, "Umenenepa."

"Wewe umekonda. Unakula kwa nani?"

Halafu ugomvi ukaanza upya, safari hii ni ugomvi wa komeo. Bi Hawabai katoa kopo la marehemu, komeo la shaba zuri kabisa, anataka litiwe upande wake. Bi Salhiya naye anataka lake upande wake.

"Sitaki mtu aingie kwangu usiku," kasema Bi Salhiya.

"Niingie kufanya nini?"

"Kunusa vyungu vyangu!"

Afande Riyama, aliyekuwa keshashuka kutazama maboksi, ilibidi apande juu tena. "Komeo hakuna," kasema. "Upande wowote. Wewe ukifunga, mwenzako akikimbilia hapa anakuta ukuta. Kufuli hakuna, ufunguo hakuna, kabati hakuna. Mlango ufunguke kwa mkono mmoja, kizani, na mtu haoni. Na funguo za paa zikipatikana zitundikwe kwenye msumari ubavuni mwa mlango wa paa, kila mtu azijue."

Komeo likarudi kwenye kopo. Khatib alipotoka kazini akatia pete mbili za kuvutia, moja huku, moja huku.

Jumamosi ikafika. Sheha kasimama kichochoroni na debe. Sote tulikuwa tumeambiwa: ukisikia debe, acha ulilonalo, zima moto wa jiko, usirudi kuchukua kitu, nenda mpaka kwenye uwazi penye mti wa mkungu, pale tutahesabiana. Abid alikuwa keshakaa chini ya mkungu, mikono kifuani. Begi la mama yake liko tayari, limefungwa, kaliacha sebuleni juu.

Debe likalia. Watu wakatoka, wengine wanacheka, mmoja katoka na sahani ya wali anakula. Bi Salhiya akaja na buibui lake kalivaa mbele nyuma, Khatib kamshika Radhiya, mtoto analia. Nyumba hii wametimia, nyumba ile wametimia.

"Bi Hawabai?" kauliza sheha.

Hayupo.

Tukangoja. Kicheko kikakatika. Abid akasimama. Afande Riyama akatazama juu, kwenye dirisha la kikapu, hakuna mkono. Akaingia kwa Bi Salhiya, akapanda ngazi mbilimbili, sisi nyuma yake.

Bi Hawabai alikuwa kasimama mlangoni. Mlango ule wa kati, umefunguliwa wazi kabisa. Gesi kazima, kitambaa cha maji kiko puani kama alivyofundishwa, kila kitu sawa. Lakini miguu yake iko upande wake. Kavua ndara zake, kaziweka vizuri pembeni, na kasimama anangoja.

"Bibi! Unangoja nini?"

"Nimepiga hodi," kasema Bi Hawabai. "Mara tatu. Hakuna aliyenikaribisha."

Afande Riyama akaegemea ukuta. "Nyumba haina watu, bibi. Wametoka. Kuna moto."

"Ndo maana. Nyumba haina watu, ntaingiaje? Mtu si mwizi."

Abid alikuwa kafika. Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama, ungekuwa moto kweli ungekufa hapa hapa na ndara zako zimepangwa. Kesho tunaondoka."

Bi Hawabai akatazama chini. Akainama kuzivaa ndara zake, polepole, kwa ajili ya magoti.

Bi Salhiya alikuwa bado anapanda, tunamsikia anahema na kulaumu tangu ngazini. Akatupenya sote mpaka mbele.

"Nini?"

"Kapiga hodi," kasema Radhiya.

"Hodi?" Bi Salhiya kamkazia macho mwenzake. "Wewe ulipokuwa unaniletea uji ulikuwa unapiga hodi?"

"Zamani."

"Zamani nini? Mlango si huu? Skiza, nnakwambia mbele ya watu, maana mbele ya watu ndipo unapopapenda. Nimekukaribisha leo. Nimekukaribisha kesho. Nikiwa nimelala, nikiwa kwenye harusi, nikiwa kaburini, nshakukaribisha. Hapa hodi haipo."

"Na viatu?"

"Na viatu vyako vichafu hivyo."

Afande Riyama akamgeukia Abid. "Mazoezi ndiyo kazi yake hii," kasema. "Mtu akosee leo. Turudie."

Abid akafikiri. "Mara moja," kasema.

Tukashuka sote, ila Khatib, aliyeambiwa angoje ngazini amshike bibi. Debe likalia tena. Tulikuwa chini ya mkungu, hata yule wa wali kaacha kula. Mlango wa Bi Salhiya uko wazi, ndani kiza. Kwanza tukasikia ndara zinapiga kwenye ngazi pana zile, moja, kituo, moja, kituo. Kisha akatokea Khatib, anateremka kinyumenyume, mikono kaitanguliza, na mbele yake Bi Hawabai, kwa miguu yake, si kwa kitako, mkono mmoja kwenye mahali pa kushika. Ndara mguuni, kitambaa puani. Akafika kwenye mkungu, akakishusha kitambaa.

"Nimepita chumbani kwake," kamwambia Afande. "Udi anaochoma ni wa bei rahisi."

"Umeona?" Bi Salhiya kapiga kelele. "Umeona nlichosema?"

Afande Riyama akaandika kitu, akamwambia Abid watu wa nyumba mbili hizi wafanye mazoezi kila baada ya miezi michache, na siku moja wafanye kiza kiwe kimeingia. Abid akaitikia. Akamtazama mama yake aliyesimama njiani, kwenye jua, siku ambayo si Idi wala hakufa mtu. Akatoa tiketi moja mfukoni, akampa Khatib, kamwambia kama unakwenda Dar kesho hii bure.

Jumapili aliondoka na begi lake na mfuko wa bajia. Mchana wake nikapita kichochoroni, nikaita, "Bi Hawaaa!" Kikapu kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Nikatia moja mdomoni palepale, ya moto.

Dirishani kikatokea kichwa, na si cha Bi Hawabai. Ni Bi Salhiya, kanga kichwani, anatafuna.

"Leo hazina chumvi!" kanipigia kelele, mtaa mzima unasikia. "Waambie na wenzio!"

"Mwongo huyo!" ikatoka sauti nyuma yake, jikoni.